Karatasi Kumi Zenye Sahihi Yako

Bugomora, Jumapili mchana

Mwanangu Asimwe,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kujuliana hali. Hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi umeshiba ndizi na maharage, umepanda bodaboda umejifunga kitenge cha mama yako, unakwenda Nyakahanga kumuaga bibi. Yangu nawe unaijua: mgongo, na maneno mengi. Kwa hiyo salamu tuseme zimefika.

Nakuandikia mchana huu kwa sababu jioni nyumba itajaa watu wa kukuaga. Nikisimamishwa mbele ya watu nitasema yale yanayosemwa na kila baba, umche Mungu, usisahau nyumbani, na wote wataitikia. Mambo ya blanketi, chandarua, kopo la senene na namna ya kuishi na mwenye nyumba, mama yako ameyamaliza wiki nzima na sina la kuongeza. Nataka kukuandikia juu ya kitu kimoja tu, ile bahasha uliyonipa leo asubuhi.

Ulinikuta nimekaa kwenye kigoda nachambua mbegu za maharage. Ukasema, "Baba, shika. Humu nimekuwekea karatasi kumi. Chini nimesaini na kugonga muhuri wa katibu, juu nimeacha wazi. Ikitokea shughuli ya kampuni huna haja ya kunisubiri nitoke Mwanza. Unaandika unachotaka, unasaini upande wako wa mkurugenzi, basi."

Nikakujibu, "Asante mama, umefikiri vizuri." Nikaitia bahasha kwenye mfuko wa koti nikaendelea na maharage. Ulifurahi. Nami nilifurahi, na furaha yenyewe ndiyo iliyonitia wasiwasi, maana chakula cha mchana kilinishinda na mama yako akaniuliza kama naumwa.

Tena jana ulituambia kwamba huko unakokwenda bosi wako amekupa vyeo vitatu kwa mpigo. Wewe mhasibu, wewe katibu wa kampuni, na yeye akisafiri wewe kaimu mkurugenzi. "Baba, nitakuwa najiandikia barua na kujijibu!" Tulicheka sana, mimi na wewe. Mama yako hakucheka, sijui kama uliona. Aliinuka akaenda nje kugeuza kahawa iliyoanikwa, ambayo alikuwa ametoka kuigeuza muda si mrefu.

Kwa nini hakucheka, wewe hujui, kwa sababu tulikuficha. Sasa umekuwa mtu wa kubeba muhuri, huna budi kujua.

Kile kiwanja chetu cha Nkwenda, penye mashine ya kukoboa kahawa, umekua ukikiita kiwanja cha kampuni. Kabla ya hapo kilikuwa cha mama yako. Alipewa na baba yake, babu yako unayemkumbuka kwa kofia. Unajua mambo ya kwetu huku: kibanja, yaani shamba la ukoo, hurithiwa na watoto wa kiume, binti huondoka na sanduku na maneno mazuri. Babu aliwaita wajomba zako, akawaambia mbele ya mashahidi kwamba kipande cha Nkwenda alikinunua kwa jasho lake mwenyewe, si mali ya ukoo, naye amempa binti yake Justa. Wajomba walinuna mpaka wakachoka. Mama yako alikuwa binti wa kwanza kwao kuwa na ardhi yenye jina lake, na kwa muda mrefu kila tulipopita pale alikuwa akipunguza mwendo bila kusema kitu.

Tulipoanzisha kampuni, mimi nilileta mashine, yeye akaleta ardhi. Nilimwambia, "Mama Asimwe, ni jina tu linabadilika kwenye karatasi. Kampuni ni sisi." Akaniamini, akakitoa.

Karatasi za kuandikisha zilitaka wakurugenzi na katibu. Wakurugenzi tukawa sisi wawili. Mwenyekiti wa bodi nikawa mimi. Ilipofika kwenye katibu nikatazama kulia na kushoto, nikamwona aliyebaki ni mimi. Nikachongesha mihuri, nikaiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kusema kweli nilijisikia mtu mkubwa. Niliwahi kwenda sokoni na lile kopo bila sababu yoyote.

Vikao vyangu enzi hizo vilikuwa vizuri mno. Nilifunga mlango wa stoo, nikakaa juu ya gunia, nikaandika: Mwenyekiti alifungua kikao. Katibu alisoma muhtasari wa kikao kilichopita. Wajumbe waliupitisha bila marekebisho. Hapakuwa na ubishi hata siku moja. Kikao kilifungwa kabla chai haijapoa.

Cheka, lakini ngoja nikuambie dogo kwanza. Tulikodi ghala la mtu, karibu na nyumba za wageni pale Nkwenda, na kwenye mkataba nikaandika jina langu tu nikatia sahihi. Sikuandika "kwa niaba ya kampuni", wala sikuandika cheo chini yake. Kwa nini niandike, wakati kila mtu ananijua? Upepo ulipoezua paa, mkataba ukisema mpangaji ndiye wa kutengeneza, mwenye ghala hakuifuata kampuni. Alinifuata mimi, hapa nyumbani, akakaa barazani na ule mkataba mkononi mpaka mama yako akamwandalia chai. Mabati ya jiko letu jipya yakaenda kuezeka ghala la watu. Ukiona mpaka leo jiko linavuja upande wa mafiga, ni pale nilipoona uvivu wa kuandika neno mkurugenzi.

Hilo lilikuwa dogo, na mama yako alilicheka. Kubwa lilikuja msimu uliofuata, wewe ukiwa bwenini.

Mfanyabiashara mmoja wa Nkwenda alinifuata. Alikuwa na kiwanja kikubwa kando ya barabara iendayo mpakani, akataka tubadilishane na chetu. Kwake malori yangeingia na kugeuza bila shida, na chetu, kilichokaa karibu na soko, yeye angekijenga fremu za maduka. Niliona ni mpango mzuri. Hata leo naamini haukuwa mbaya. Lakini nilijua mama yako asingekubali, na hapa naomba usome polepole, mwanangu. Mimi sikusahau kumuuliza. Nilijua atakachojibu, ndiyo maana sikuuliza.

Nikaingia stoo na kopo langu. Mwenyekiti akafungua kikao. Nikaandika kwamba wakurugenzi wote wawili walihudhuria, na wote wawili waliafiki. Mama yako wakati huo alikuwa upande wa pili wa ukuta, anageuza kahawa ya maganda kwenye turubai. Nilimsikia akikohoa vumbi. Yeye anakohoa nje, mimi ndani nimeshamwafikisha. Nimefanya makosa mengi maishani, mengine ya ujana ambayo hayakuhusu, lakini hakuna linalonirudia kama kile kikohozi.

Hati ya kubadilishana ilikuwa na nafasi mbili chini, moja ya mkurugenzi na moja ya katibu. Nikasaini ya kwanza, nikagonga muhuri. Nikasaini ya pili, nikagonga muhuri. Ile ya pili nilikunja mkono kidogo ili isifanane sana na ya kwanza. Ona ujinga wa mtu anayejiona mjanja. Asubuhi yake nikapanda gari kwenda wilayani, ofisi ya ardhi.

Nilipokelewa na binti mmoja mpole, umri kama wako wa sasa. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akaisoma hati yote, jambo ambalo sikulitegemea.

"Mkurugenzi hapa ni nani?"

"Mimi."

"Na huyu katibu?"

"Mimi pia."

Akanitazama kama anayehesabu watu waliopo chumbani. "Mzee, panapotakiwa mkurugenzi na katibu wanatakiwa watu wawili. Mtu mmoja anaweza kushika vyeo vyote viwili, hakuna ubaya, ila hawezi kusimama mahali pa wawili kwenye karatasi moja. Mna mkurugenzi mwingine?"

"Yupo. Ni mke wangu."

"Basi rahisi. Mlete mama asaini nafasi hii, tumalize."

Nikamwambia mama ana kazi nyingi. Akasema atasubiri. Nikamwambia mama hajui sana mambo ya karatasi. Asimwe, nilisema hivyo juu ya mama yako, ambaye ndiye aliyekuwa akinisomea barua za benki kwa sababu miwani yangu ilivunjika. Yule binti akanirudishia hati kwa mikono miwili, akasema, "Mimi sikukatazi mzee. Nakuomba tu uje na mwenzako." Nilitoka pale nimekasirika, njia nzima nawatukana kimoyomoyo watu wa maofisini na urasimu wao.

Sasa, yule mfanyabiashara alikuwa mtu wa haraka. Aliponiona nimesaini alihesabu mambo yamekwisha, akatuma vijana wake kiwanjani siku hiyo hiyo kuonyeshwa mipaka. Walikuja na vipande vya mlamula, mti wa mipaka, vya kupanda kwenye pembe. Wakamkuta mama yako kwenye turubai. Wakamsalimu vizuri, wakasema kwa heshima, "Waitu mama, tumekuja kupanda mpaka. Mzee ameshatia sahihi."

Ndivyo alivyopata habari. Kwa watoto wa watu wengine, ameinama juu ya kahawa.

Niliyasikia baadaye kutoka kwa vijana wenyewe. Hakupiga kelele. Aliwapa maji ya kunywa, akawaambia, "Mlamula haupandwi na upande mmoja. Hilo hata nyinyi mnalijua. Kaeni kivulini mumsubiri mwenzenu." Nao wakakaa. Huwezi kumbishia mtu jambo hilo huku kwetu. Mlamula hupandwa na pande mbili, majirani wakitazama, na aliyeupanda peke yake hata mtoto ataung'oa na hakuna atakayemlaumu.

Nilifika jioni. Nikakuta vijana wamesinzia ukutani, na vile vipande vimelazwa kivulini, vimefungwa majani ya mgomba visikauke. Mama yako alikuwa amekaa mlangoni pa mashine.

"Baba Asimwe," akasema, "kwenye hicho kikao alikaa nani?"

"Mimi."

"Na nani?"

Nikaanza kufuta vumbi kwenye viatu.

"Mimi nilisemaje?"

"Ulikubali," nikamwambia.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu. Kisha akakunja kanga yake, akaenda nyumbani, akafunga nguo zake. Asubuhi hakuwepo.

Ulipokuja likizo tulikuambia mama yako yuko Nyakahanga anamuuguza bibi. Bibi yako alikuwa mzima kabisa, anapalilia. Ulimwandikia kadi ya pole, na bibi anayo mpaka leo ndani ya Biblia. Leo ukimuaga mwangalie usoni, atakuwa anakumbuka.

Nilivumilia nikidhani atarudi mwenyewe. Ndizi nikazipika zikaungua, kahawa ikapata ukungu. Mwisho nikachukua dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikaenda ukweni. Bibi yako, kama mila inavyotaka, hakutoka kuonana uso kwa uso na mkwe. Alibaki ndani, nami barazani, tukaongea mlango ukiwa katikati.

"Sauti hii ni ya mkwe wangu. Umekuja na nani?"

"Nimekuja peke yangu, waitu."

"Nani atakusemea?"

"Nitajisemea mwenyewe."

Nikasikia kiti kikiburutwa ndani. Nikadhani ameenda. Kisha nikasikia, polepole: "Mkosaji ni wewe. Msemaji ni wewe. Na wa kukusamehe je? Naye ni wewe?"

Nilitamani ardhi inimeze. Yule binti wa ofisini alikuwa ameniambia neno lile lile, nikamwona mrasimu. Kwa mama mkwe sikuwa na pa kukimbilia. "Nenda," akasema, "uje na mtu."

Nikamwendea baba yako mkubwa. Unamjua, haongei hovyo. Tulitembea kutoka stendi kwenda kwa bibi, njia nzima ananiuliza tu. Ulimuuliza mkeo? Sikumuuliza. Kwa nini? Nilijua atakataa. Kiwanja kilitoka kwa nani? Kwa baba yake. Uliandikaje kwenye kikao? Nikamwambia. Akasimama, akatazama miguu yake, akaendelea kutembea. Vikao vyangu vyote vya stoo havikuwahi kuuliza swali hata moja, ndugu yangu aliuliza yote kabla hatujafika kwenye ua. Tulipofika sikuwa na utetezi uliobaki, na ile hotuba niliyoipanga nikaona haya hata kuianza. Yeye akasema kwa niaba yangu, maneno machache: "Amekosa. Anajua alichokosa. Nimemuuliza mwenyewe."

Mama yako alirudi. Hakurudi bure. Alisema, "Katibu nitakuwa mimi. Muhuri wa katibu utakaa kwangu. Utasaini mahali pamoja tu. Na usiniletee karatasi nikiwa napika." Ile hati tuliichana pamoja. Yule mfanyabiashara alilalamika, lakini karatasi iliyosainiwa na mtu mmoja mahali pa wawili haikuwa na nguvu ya kumpa kitu, na kiwanja kikabaki. Uone ajabu yake: kasoro niliyoitukana njia nzima ndiyo iliyotuokoa. Kama ningekuwa nimepata mtu wa kunisainia tu, asiyeuliza, leo pale pangekuwa na fremu za maduka na mama yako angekuwa Nyakahanga.

Vile vipande vya mlamula, kimoja kilikuwa bado kina uhai. Tulikipanda mlangoni pa mashine, mimi nimeshika juu, yeye anashindilia udongo. Ndio ule uliokuwa ukianikia soksi zako za shule, ukatukasirikia tulipokukataza.

Ulipomaliza chuo, mama yako akakukabidhi ukatibu. Alisema macho yamechoka. Macho hayakuchoka. Alitaka uwe na kiti mahali ambapo yeye aliwahi kusemewa. Nikuulize sasa, alikukabidhi muhuri ili ugonge karatasi tupu?

Sikulaumu. Uliniamini, kama mama yako alivyoniamini. Na hilo ndilo linalonifanya niandike badala ya kula. Alhamisi nilikuwa Nkwenda sokoni. Mtoto wa yule mfanyabiashara, sasa ni mtu mzima, akanishika mkono. Kile kiwanja cha barabarani bado wanacho, na bado wanataka chetu. Sikumwambia hapana. Nilimwambia nitafikiri. Mama yako sijamwambia. Halafu leo asubuhi wewe unaniletea sahihi ya katibu, mara kumi, na juu yake pako wazi. Sahihi ya mkurugenzi ninayo mwenyewe. Hesabu hiyo unaijua kuliko mimi. Mama yako asingehitajika hata kukohoa.

Naogopa nafsi yangu, Asimwe. Nimezeeka, nimetubu, nimeungama kwa padre, lakini nilipoigusa ile bahasha mkono wangu ulichangamka. Usimwache mtu unayempenda peke yake na karatasi ya namna hiyo. Usimwache mtu yeyote.

Na wewe huko Mwanza, vyeo vyako vitatu usivikatae kwa woga. Kampuni changa ni kama nyumba ya watu wachache, anayepika ndiye anayeteka maji. Ila utakapoona nafasi mbili chini ya karatasi, na kalamu ni yako, na bosi yuko kwenye simu anakuambia weka tu zote mbili, mkumbuke bibi yako nyuma ya mlango. Nyanyuka ukamtafute mtu, hata kama mvua inanyesha, hata kama ni mtu mwenye maswali ya kuudhi. Huyo mwenye maswali ndiye mzuri. Kidole kimoja hakivunji chawa. Akikuuliza kwa nini unamsumbua, mwambie baba yako aliwahi kufanya yote mwenyewe, akarudishwa na mama mkwe. Na unaposaini kwa niaba ya kampuni, andika hivyo, na andika cheo. Hilo ni kwa ajili ya jiko lako la baadaye.

Karatasi zako ninakurudishia zote, zimo humu pamoja na barua. Zichane mwenyewe, kwa mkono wako, ukiwa kwenye basi au utakapofika. Muhuri wa katibu uuache kwa mama yako. Sijamwomba bado aushike tena. Nitampa barua hii aisome kabla sijaifunga, ndiyo ombi lenyewe, na habari ya Alhamisi ataipata humu humu. Afadhali aipate kwangu, japo nimechelewa, kuliko kwa vijana wa watu wenye milamula mikononi.

Nitakukosa sana. Nyumba hii ikibaki na sisi wawili tu kikao kitakuwa kigumu, maana mama yako hapitishi kitu bila marekebisho. Nenda salama, ufanye kazi, ulale usingizi.

Ni mimi baba yako, na kwenye karatasi hii sina cheo kingine.

*

Asimwe,

Baba yako amenipa barua nisome. Nimesoma yote, nimekaa hapa hapa kwenye kigoda chake.

Mahali pawili amekosea. Wale vijana sikuwapa maji kwa upole. Nilihitaji kitu cha kushika, nikashika ndoo. Tena, sikurudi kwa ajili ya maneno ya baba yako mkubwa, ingawa alisema vizuri. Siku ile ya kwanza, bibi alipomrudisha, nilikuwa dirishani. Nilimwona anaondoka ameacha dumu la rubisi barazani, akafika njia panda akageuka kulitazama, akaona aibu kulirudia, akaenda. Nilicheka mpaka nikalia. Nikajua nitarudi. Sikumwambia mtu, nikataka kwanza aje na mwenzake.

Muhuri nimeupokea. Huyo mtu wa Alhamisi nitamjibu mimi na baba yako pamoja, na jibu analijua.

Karatasi zako ulimwambia ni kumi. Nilipozihesabu kabla ya kuzitia kwenye bahasha zilikuwa tisa. Sikumuuliza kitu. Nilinyoosha mkono tu, akakaa kidogo, halafu akatia mkono kwenye mfuko wa koti akanipa ya kumi.

Sasa ndizo zote.

Mama yako